Nilivyotetea viazi vya Bungoma kwenye maabara ya Kitale, na mbegu isiyo na jina ikapata jina

Wakuu, nawasalimu kutoka huku kwenye baridi ya chini ya Mlima Elgon.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Nasoma visa vya watu, nacheka, naenda kulala. Leo nimeamua kuweka changu. Yote haya yalinipata mimi mwenyewe, na kama kuna mtu wa Kitale atanitambua, tafadhali anyamaze tu.

Kisa chenyewe ni cha viazi vitamu na DNA. Wale mnaoshtuka mkisikia DNA, tulieni. Hakuna mtoto anayetafutiwa baba hapa.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, zile enzi za kuflash mtu ndipo akupigie. Nilikuwa nafanya masters, na nilipata nafasi kwenye kituo kimoja cha utafiti pale Kitale. Sitakitaja. Nilipanga chumba mtaa wa Tuwan, kwetu ni nje kidogo ya Kimilili, na jina langu ni Nelima. Shikeni hilo jina, mtalihitaji mbele.

Nyumbani hakuna aliyeelewa ninachosoma. Mjomba wangu alikuwa akinitambulisha kwa wageni hivi: "Huyu ndiye anasomea viazi." Halafu wote wanacheka. Mimi nacheka nao, lakini moyoni nimekasirika, sitawadanganya.

Sasa, kazi ilikuwa hivi.

Huku kwetu karibu kila boma lina viazi vitamu, na kila mama anakuambia vyake ni tofauti na vya jirani. Kituo kilitaka kujua vipi ni tofauti kweli na vipi ni vile vile vyenye majina mengi. Vile vya kipekee vingetunzwa kwenye shamba la kituo ili visipotee. Vinavyojirudia vingeng'olewa, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Na njia ya kujua ilikuwa kuangalia alama za DNA kwenye majani.

Kwa wasiolima: kiazi kitamu hakipandwi kwa punje kama mahindi. Unakata marando, yale mashina yanayotambaa, unayachomeka kwenye tuta. Huku tunayaita tu mbegu. Kwa hiyo rando likitoka kwa mama yako likaenda kwa shangazi yako, ule ni mmea mmoja. DNA yake lazima ifanane kabisa.

Na hapo ndipo majina yanapotuchanganya.

Kwetu, msichana akiolewa hubeba furushi la mbegu kutoka kwa mama yake. Akifika kwa mumewe anapanda, majirani wanaomba, na mbegu inachukua jina la aliyeileta. Kama aliyeileta ni Nasimiyu, basi ni "za Nasimiyu". Zikienda kijiji kingine na bi harusi mwingine, zinabadilika jina tena. Mama yangu alikuwa na zake huko Kimilili, watu wanaziita kwa jina lake mpaka leo. Alikuwa akizitaja kwa madaha sana. Halafu ananiangalia mimi, ambaye sijaolewa, anashusha pumzi. Wenye mama wa aina hiyo mnajua ile pumzi.

Tulikuwa wawili kwenye ukusanyaji. Mwenzangu tumwite Kibet, kijana mpole wa upande wa Trans-Nzoia, yeye akachukua huko kwao. Mimi nikapewa Bungoma, kuanzia Kimilili mpaka Tongaren.

Kibet alikuwa anafika shambani, anasalimia, anaambiwa "kata mwenyewe," anatoa kisu na kukata marando kutoka mmea mmoja. Kazi imeisha.

Mimi kwetu siwezi kufanya hivyo. Uingie shamba la viazi la mwanamke mwingine na kisu chako? Hata uwe na barua ya serikali, utaitwa mwizi. Unakaa, unapewa chai, unauliza watoto wako aje, na mwenye shamba anaenda mwenyewe kukukatia. Anarudi na furushi limefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Unalipokea kwa mikono miwili. Hulifungui mbele yake kama unakagua mzigo wa magendo.

Basi mimi nikakusanya mafurushi yangu kwa adabu zote nilizofundishwa, nikarudi Kitale, tukayapanda kwenye vyungu.

Maabara yetu ilikuwa ndogo lakini ilikuwa na mashine ya PCR, ile inayozidisha kipande cha DNA mpaka kionekane. Nikiiangalia nilikuwa najiona mtu mkubwa. Unachuma jani changa, unalisaga, unatoa DNA na kuiweka kwenye tube, kichupa kidogo chenye namba. Majani ya viazi yana utelezi, wakuu, mtu asiwadanganye. Siku za kwanza nilikuwa napata kitu cha kahawia kinachovutika kama mlenda. Nililia pale mezani kama mtoto. Nikarudia, nikarudia tena, mpaka siku moja nikapata DNA safi, na Kibet akapiga makofi.

Baadaye unapitisha kwenye gel, ambayo ni kama uji ulioganda kati ya vioo viwili. Umeme unavuta vipande vya DNA, ukiipaka rangi unaona mistari. Mpangilio wa mistari ndio unakwambia huu mmea ni upi. Binadamu ana seti mbili za kromosomu. Kiazi kitamu kina sita! Kwa hiyo mistari ni mingi, na macho yanauma.

Stima nayo ikipotea katikati ya kazi, gel imeharibika, anza upya. Na Kitale ya wakati ule stima ilikuwa inapotea ikijisikia.

Ili kuhakikisha, kila furushi tulichukua majani kutoka mimea yake miwili. Ikiwa ni mbegu moja, mistari ya jani la kwanza na la pili lazima ifanane.

Za Kibet zilifanana zote.

Zangu, nyingi zikakataa.

Mwanzoni nilidhani macho yangu yamechoka. Nikaziangalia tena asubuhi na chai mkononi. Furushi moja la Kimilili, jani la kwanza lina mistari yake, jani la pili lina mistari mingine kabisa. La Tongaren pia. Na jingine.

Supervisor wetu, ambaye sote tulimwita Dokta, alikuwa mtu wa haki lakini mkali. Aliziweka picha za gel mezani na kuniita.

"Nelima, hii ni nini?"

"Ni furushi la Kimilili, Dokta."

"Hiyo naona. Nauliza kwa nini mbegu moja ina mistari ya mimea miwili."

Nikainama kuziangalia tena zile picha.

"Umechanganya tubes," akasema. "Kibet ametumia mashine hiyo hiyo, dawa hizo hizo, na zake ni safi. Mimi siwezi kuweka jina langu kwa kazi kama hii. Sampuli za Bungoma zinatoka. Na kwa mpango wa shamba pia zinatoka kabla mvua ianze, tupande zile tunajua ni nini."

Wakuu, hebu fikirini. Masters yangu ilikuwa zile sampuli. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mbegu za akina mama wote wale, walioniwekea chai na kuniamini, zingetupwa kama taka kwa sababu ya mkono wangu. Na za mama yangu zilikuwa humo.

Na mimi nilijijua. Siwezi kuchanganya tubes. Mimi ni yule mtu anayerudi nyumbani kuangalia kama alifunga mlango, na alifunga.

Nikamwomba turudie. Nikasema Kibet achume majani, Kibet asage, Kibet aweke namba ambazo mimi sizijui, na Dokta akae na orodha. Mimi nisiguse chochote. Dokta akakubali. Hapo nampa heshima yake. Wengi wangekataa.

Kibet alifanya kazi siku zile kama mtu anayebeba mayai. Mimi nilikuwa nafagia veranda ya maabara ambayo tayari ilikuwa safi.

Majibu yakatoka. Yale yale. Furushi moja, mistari ya mimea miwili.

Nilifurahi mpaka nikataka kuruka. Dokta akanikalisha chini haraka.

"Sawa, tubes hukuchanganya. Naondoa hayo maneno," akasema. "Lakini basi ulikusanya vibaya. Furushi chafu ni furushi chafu. Bado zinatoka."

Na alikuwa na haki yake, kwa upande wa sayansi. Sampuli ambayo hujui ni nini haikufai.

EDIT: Naona mmoja hapo chini ananiuliza kwa nini hatukuangalia tu majani kwa macho. Bana, tuliangalia! Zilikuwa bado changa kwenye vyungu, na viazi vikiwa vichanga vinafanana kama maharagwe ya gunia moja. Ndiyo sababu ya kutumia DNA. Tuendelee.

Ijumaa hiyo nikaenda nyumbani. Sikumwambia Mama kitu. Nilitaka tu kula, nilale, nisiulizwe.

Jumamosi nikamkuta nyuma ya nyumba anakata mbegu. Kulikuwa na msichana wa jirani anaolewa, mama yake amefariki, kwa hiyo Mama ndiye alikuwa anamfungia furushi. Nikakaa kwenye kigoda kumtazama. Ni kazi niliyoiona tangu sijaanza shule.

Anakata kutoka tuta hili, anakata, anapanga. Mkono umejaa. Halafu akainuka, akaenda kwenye pembe ya shamba karibu na ua, akakata marando machache huko, akarudi, akayaingiza katikati ya furushi. Akafunga kamba ya mgomba.

Nimeliona tendo lile maisha yangu yote. Sikuwahi kuliona mpaka asubuhi ile.

"Mama, hizo za pembeni ni za nini?"

"Zipi?"

"Hizo umeweka katikati."

Akanitazama kama nimeuliza maji ni ya nini. "Si ni mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Mwenzake na hizi. Kwani wewe ulikulia wapi? Mbegu haitumwangi peke yake. Hata bibi harusi si anasindikizwa?"

"Na zinaitwaje hizo?"

"Haina jina. Ni mwenzake tu." Akapiga furushi kofi la kuliweka sawa. "Itakuwa na jina aje na haijawahi kuenda mahali peke yake?"

"Lakini ni za kazi gani, Mama?"

"Sijui, Nelima. Mama yangu alinifungia hivyo, na mimi nafunga hivyo. Lakini kwa nini unalia?"

Nilikuwa nalia, ndiyo. Nilikuwa nalia na kucheka. Nilimkumbatia mama yangu na mikono yake yenye matope, akanisukuma ati nitamwangusha kwenye matuta. Kisha nikaomba nauli ya kurudi Kitale siku hiyo hiyo, na akanipa huku anauliza kama ni mwanaume amenikosea.

Mnaona ilivyokuwa? Furushi halikuwa chafu. Furushi lilikuwa limefungwa sawasawa, na akina mama kuanzia Kimilili mpaka Tongaren, ambao wengine hawajuani, walikuwa wanafunga namna moja. Kibet alikata mwenyewe, kwa hiyo alipata mmea mmoja. Mimi nilipewa kwa heshima, kwa hiyo nilipata na msindikizaji. Na kwa sababu mimi ni wa pale pale, sikuwahi kujiuliza ndani ya furushi kuna nini.

Jumatatu nikamweleza Dokta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo ni hadithi nzuri. Nionyeshe kwa gel."

Nikasema sawa.

Nikapita chungu kwa chungu, mmea kwa mmea. Sikuchukua tena majani mawili tu kwa furushi, nilichukua yote. Kila furushi la Bungoma lililokuwa na mistari ya mimea miwili, nikatenganisha ile mbegu yenye jina na ule mmea mgeni. Kisha nikachukua wageni peke yao, kutoka maboma tofauti, nikawapanga kwenye gel moja, bega kwa bega.

Kama Mama alikuwa anaongea tu, ningeona mchanganyiko wa kila aina. Kama ni kweli, ningeona kitu kimoja.

Siku hiyo stima haikupotea. Sijui niliombea vipi.

Gel ilipoanza kushika rangi, Kibet ndiye aliona kwanza. Akaniita kwa sauti ya chini, "Nelima, kuja uone." Nikaja.

Mistari ilikuwa imenyooka kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Kila sampuli, mistari ile ile, kimo kile kile, kama mtu ameipiga kwa rula. Ya Kimilili, ya Tongaren, za vijiji vya katikati. Mmea mmoja, usio na jina, ulikuwa umesafiri Bungoma nzima ndani ya mafurushi ya wengine.

Tukaulinganisha na vyote vilivyokuwa kwenye mkusanyiko, vya Kibet na vyangu. Haukufanana na hata kimoja. Tulipochora ule mchoro wa matawi unaoonyesha nani ni ndugu wa nani, viazi vyenye majina makubwa vilijazana pamoja, vingi ni kimoja hicho hicho chenye majina ya mabibi harusi mbalimbali. Mwenzake alikaa kwenye tawi lake, mbali.

Dokta aliinama kwenye ile gel. Akauliza maswali, nikajibu. Akauliza mengine magumu zaidi, nikajibu.

Akasema, "Za Bungoma zinarudi."

Alipofika mlangoni akageuka. "Na Nelima, hii ni kazi safi."

Wakuu, mimi nimepewa vyeti baadaye, nimepigiwa makofi kwenye kumbi. Hakuna kilichonishika kama yale maneno. Nilitembea kutoka kituoni mpaka Tuwan kwa miguu, nikipita sokoni, nikiona akina mama wamekaa na mafungu ya viazi, na kila mmoja nilitaka kumshika mkono nimwambie. Nilijivuna, naandika bila aibu. Nilijivuna kwa ajili yangu na kwa ajili yao.

Shambani, mvua zilipoendelea, nikapata na jibu la swali ambalo Mama hakuwa nalo. Ugonjwa wa virusi uliingia, zile mbegu tamu zenye majina zikaanza kujikunja majani na kudumaa. Mwenzake akabaki kijani. Ladha yake ni ya kawaida tu, siwezi kuwadanganya, lakini nyingine zikidumaa, yeye yuko pale. Nani alianza kumweka kwenye furushi na kwa nini, sijui, na naona hakuna atakayejua. Kwenye shamba la kituo akapewa kibao chenye namba, kwa sababu sehemu ya jina niliiacha wazi.

Msimu uliofuata nikazidisha marando yake, masafi, nikapeleka furushi nyumbani. Sikuwa bi harusi. Nilikuwa na begi la mgongoni na gumboots za kituo. Mama akapanda tuta zima la mwenzake peke yake, akilalamika kwamba haijawahi kufanywa.

Mwaka huo majirani wengi walipoteza viazi kwa ugonjwa ule ule, na zile tamu za Mama zikabaki chache. Tuta lile halikupotea.

Nilikuwa nyumbani siku Mama Violet alipokuja. Huyu ni jirani yetu wa miaka mingi, wa kwanza kabisa kucheka mjomba akisema ninasomea viazi. Alisimama pale kwenye ua, akasalimia, akauliza habari za ng'ombe. Halafu akasema,

"Mama Nelima, nisaidie mbegu bana. Yangu yote imekwisha."

"Unataka gani?" Mama akamuuliza. "Zangu?"

"Hapana. Nipatie zile za Nelima."

Mama alikuwa na panga mkononi. Akasimama. Akanitazama, na safari hii hakushusha pumzi.

"Haya," akasema. "Za Nelima."

Akaenda akakata. Akapanga vizuri, mkono ukajaa. Kisha nikamwona anainuka, anaenda kwenye tuta la zile tamu, zile zenye jina lake mwenyewe. Akakata marando machache, akarudi, akayaingiza katikati ili za binti yake zisiende peke yake. Akafunga kamba.

Wakuu, mimi nilijifunza hivi: ukipata majibu yasiyoeleweka, usikimbilie kusema mtu amekosea, na ukisingiziwa, omba kazi irudiwe mbele ya macho ya watu. Na ukienda kutafuta maarifa mbali, pita nyumbani ukatazame mikono ya mama yako ikifanya kazi.

Sasa semeni na nyinyi. Huko kwenu, mkimfungia mtu mbegu mnaweka nini katikati? Na kama uko upande wa Kimilili au Tongaren na kwenu kuna zinazoitwa za Nelima, niandikie hapo chini. Mjomba yuko hapa kando yangu, nataka nimsomee.